Wimbo Uliokosa Kichwa

Mimi niliishia darasa la nne, na nalisema bila haya, maana wengi niliowaacha darasani wakiinua mikono hawajawahi kumwajiri mtu. Mimi nimeajiri. Mwaka ule kiwanda cha magari cha Longbridge kilipofungwa, mimi nilikuwa nanunua vani yangu ya pili. Nilihamisha watu nyumba Birmingham nzima, na kabati la milango mitatu nililishusha ngazi peke yangu. Muulize yeyote.

Lakini vani hiyo ya pili ilinitia uchungu. Redio yake ilimeza kaseti yangu. Nilipovuta utepe ulitoka umejikunja kama tambi, halafu ukakatika.

Kaseti hiyo nilikuwa nimeirekodi mwenyewe kutoka redioni, Nakuru, nikiwa kijana. Wimbo mmoja tu wa rumba ya Kongo. Mtangazaji alipoutaja nilikuwa nje nachota maji, nikakimbia kubonyeza kitufe, kwa hiyo jina la wimbo sikulipata, wala la bendi. Kilingala sielewi, ila maneno yote niliyajua, na kaseti yenyewe niliingia nayo Uingereza nimeifunga ndani ya soksi. Sasa imekufa. Dukani ningeuliza nini?

Nikaamua kuimba. Nikimwona mtu anayefanana na wa kwetu, kwenye foleni ya posta au mlangoni nikiwa nimebeba kochi, namwimbia, labda ataujua. Kinyozi mmoja wa Erdington akaniambia nilipe kwanza. Dada mmoja Mkenya, muuguzi, akaniuliza ndani ya treni, "Brother, hiyo ni maombi ama unaumwa?" Mke wangu akasema, "Baba watoto, utashikwa na polisi." Watoto walihama kiti: "Dad, please!"

Miezi ikapita. Usiniulize mingapi. Ilifika mahali nilianza kusahau mstari mmoja, na hilo lilinitisha kuliko kaseti kukatika. Kama wimbo ungetoka kichwani mwangu pia, basi ungekuwa umekwisha kabisa, na sina hata jina la kuuzikia.

Asubuhi moja nilipeleka mafriji kwenye bohari fulani Washwood Heath. Mlinzi wa geti, jamaa mrefu mwenye koti la kung'aa, alikuwa anaandika namba ya vani yangu. Nikamwimbia. Kalamu ikasimama.

"Papa," akasema kwa Kiswahili cha Lubumbashi, "ile wimbo unaianzaka wapi?"

"Mwanzo. Kwani wimbo huanzia wapi?"

"Hapana, papa! Ile haiko mwanzo. Weye unaingiaka na dirisha, kama mwizi!"

Nilimwambia Birmingham hii hakuna mtu anayeujua wimbo huo kunishinda. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Lori nyuma yangu lilikuwa linapiga honi, yeye hana habari. Akaniandikia anwani ya ukumbi nyuma ya pasi ya geti. "Kuya siku ya Mungu, saa nane mchana. Mutu wa gitaa iko. Utasikia."

Jumapili hiyo nilivaa suti. Ukumbi ulikuwa nyuma ya kanisa, Erdington, umejaa akina mama, samaki wa kukaanga na watoto wanaokimbizana kwa Kiingereza. Sikumjua hata mmoja. Mlinzi akanishika mkono mbele ya watu: "Huyu njo yule wa dirisha!" Wakaangua kicheko. Mpiga gitaa, mzee mwenye upara ambaye kazi yake ni kubandika vigae, akaniangalia juu mpaka chini, akaanza.

Polepole. Polepole mno. Huu si wenyewe, nikajiambia, na tabasamu nikalishikilia kwa nguvu. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mlango kwa macho.

"Ngoja, papa," mlinzi akaninong'oneza.

Akina mama wakaingiza sauti, gitaa likageuka, na hapo, hapo hasa, nikapatambua mahali kidole changu kilipobonyeza kitufe. Nikafungua mdomo. Mimi sauti ninayo, sihitaji kipaza sauti. Niliimba kila neno, hata ule mstari uliokuwa unanikimbia. Tulipofika pale gitaa linapobaki peke yake, wote wakanyamaza isipokuwa mimi:

"Fundi baiskeli wa soko la Nakuru anawasalimu shangazi zake watatu walioko Molo, akisema mvua ikipungua atakuja! Muuza viatu wa stendi anamsalimu shemeji yake, ujumbe, mtoto ni wa kiume!"

Ukumbi mzima ukanikodolea macho. Ikabidi nieleze: kwenye kaseti yangu, hapo ndipo mtangazaji alipokuwa anasoma kadi za salamu za wasikilizaji, juu ya gitaa. Nilizijifunza pamoja na wimbo. Miaka yote hiyo nikiimba peke yangu sikuwahi kuziruka.

"Atalaku!" mama mmoja akapiga ukelele. Kumbe ndivyo wanavyomwita yule wa bendi anayeita majina ya watu katikati ya muziki. "Papa iko atalaku, na hajue!"

Mzee akarudisha gitaa palepale. "Salimia dada yangu wa Likasi!" "Na miye, mama mukwe wangu, umwambie nimenenepa!" Niliwasalimia wote, na mabinamu zao, mpaka sauti ikakwama. Tangu nifike nchi hii sijawahi kupata ndugu wengi hivyo kwa mchana mmoja.

Tulipopumzika nikamwomba mzee arudie mwanzo. Mke wa mlinzi akaniketisha, akanifundisha mstari kwa mstari. Akanieleza kwamba katika mwanzo huo mwanamke anawagongea majirani waamke waje kuimba, kwa sababu mumewe amerudi kutoka safari. Mimi nilikuwa najua shangwe yao tu. Aliyewaita sikumjua.

Mara ya tano mzee akasema, "Sasa weye peke yako."

Nikafunga kifungo cha koti. Nikaimba mwanzo wote, kwa woga, nikapita pale kaseti ilipoanzia bila kusimama, nikaendelea.