Nge na Ng'ombe Katika Hema la Sabasaba

Tangu biashara ya mitumba iruhusiwe nchini, Mwanaheri wa Temeke aliiuza, na hakuna mteja aliyemshinda mdomo. Mbele ya mama yake, Bi Zubeda, alitulia kama maji mtungini.

Mama huyo aliwalea wanawe kwa vitumbua. Alitoka na sinia alfajiri, saa ileile marehemu mumewe, Marijani, aliporudi kutoka zamu ya usiku kiwandani.

Mwaka ule Mwanaheri alichumbiwa na Suhaib, fundi wa kuchomelea mageti kule Chang'ombe. Bi Zubeda alimpenda kijana, ila alipeleka majina yao kwa mwalimu wa falaki, kama walivyofanya wazee wake. Jibu likarudi baya: Mwanaheri ni Nge, Suhaib ni Ng'ombe, na nyota hizo hazikai nyumba moja. Akiingia huyu, hutoka yule.

"Mie sikuozi kwa mtu wa kupishana naye," mama akasema. "Kupishana nakujua." Posa ikakwama.

Haya, mtu aking'ang'ania nyota, mpeleke kwenye nyota. Maonyesho ya Sabasaba yalipofika, Mwanaheri alisikia kuna hema jeusi lililojazwa upepo likaumuka kama andazi, na ndani yake mna mbingu. Akamchukua mama yake mchana kweupe, akiomba Mungu nyota zile mbili zionekane pamoja.

Waliingia kwa kuinama, wakaketi mkekani. Giza likashuka taratibu, kelele za maonyesho zikabaki mbali. Nyota zikaanza kutoka, moja moja, kisha tele, hata Bi Zubeda akamshika bintiye mkono. Mwanaheri alijiona mwepesi, kama anaelea usingizini, akasahau posa na mitumba yake.

Alipozinduka akamwambia Revelian, kijana aliyeendesha mashine ya kurusha nyota, "Kaka, tuonyeshe Nge na Ng'ombe."

Nge alikuwa juu utosini, mkia umepinda. Ng'ombe hakuwepo.

"Huyo anasubiri Nge azame," Revelian akasema. "Kila mmoja ana upande wake."

Mashine ikanguruma polepole na mbingu yote ikazunguka. Nge akateremka magharibi. Mashariki, Ng'ombe akaanza kuchungulia.

"Si nilikwambia?" mama akanong'ona.

Mwanaheri alikuwa amejipalia makaa mwenyewe. Machozi yakamlenga. "Simamisha hapo, kaka," akasema, maana alitaka kuwaona kabla hawajaachana.

Mbingu ikasimama. Moyo mwekundu wa Nge ulikuwa haujazama bado, na jicho jekundu la Ng'ombe lilikwisha fika. Vilitazamana, mbingu nzima katikati.

Bi Zubeda alimtazama huyu, akamgeukia yule. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Baba yako ndiye aliyekuwa akinitwisha sinia. Pale mlangoni, hata awe amechoka vipi."

"Nakumbuka, mama."

"Nilikuwa naweza kujitwisha mwenyewe. Nilikuwa namngoja." Akacheka kidogo, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Nyie mnadhani mlitoka wapi? Mwambie Suhaib alete wazee wake."

Mwanaheri alimkumbatia gizani, na mdomo wake wote akauficha begani kwa mama.

"Niendelee, mama?" Revelian akauliza.

"Ngoja kwanza, mwanangu," Bi Zubeda akasema, macho yangali kwa Nge. "Usimwondoe bado."