Mkato wa Nne wa Mwalimu Anselm

Watu wa Itobela walimpenda Mwalimu Anselm, lakini mahubiri yake, tuseme ukweli, yaliwalaza. Hata Flavia, mkewe, aliyekaa benchi la mbele kwa miaka kumi na mmoja, alijifunza ufundi wa kusinzia akiwa wima, rozari mkononi, ili asimwaibishe mumewe.

Anselm alikuwa katekista wa kijiji hicho, kando ya njia ya zamani ya misafara, mwendo wa siku mbili kwa miguu kutoka Kaliua. Padri alifika mara moja kila miezi mitatu. Siku nyingine zote Mwalimu ndiye aliyegonga kipande cha reli kilichoning'inia mbele ya kanisa la udongo, ndiye aliyefundisha watoto sala, ndiye aliyezika. Kwa kazi hiyo misioni ilimpa shukrani nyingi na nguo kuukuu. Kilichowalisha yeye, Flavia na mwana wao Sylvester kilikuwa asali.

Mizinga yake ilikuwa msituni, magogo yaliyotobolewa ndani na kufungwa juu ya miti kwa kamba za magome. Baba yake ndiye aliyeitundika mingi kati ya hiyo, na alipofariki alimwachia pamoja na alama ya ukoo, mikato mitatu iliyochongwa ubavuni mwa gogo. Kila mrina asali alikuwa na alama yake. Itobela mtu aliweza kuacha jembe njiani akalikuta kesho yake, na mgomvi aliweza kumpiga jirani yake wakasuluhishwa. Lakini aliyerina mzinga wa mwenzake hakuwa na pa kujificha.

Ndiyo maana kijiji kilichafuka mwaka ule reli ya Mpanda ilipokuwa inajengwa. Mzee Twalibu, Mwislamu wa Gongoni mjini Tabora, alikuwa na mizinga katika msitu uleule, urithi wa babu yake aliyewahi kupita na misafara. Kila msimu alikuja kwa gari moshi hadi Kaliua, kisha kwa miguu, akafikia kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji, akarina asali yake na kurudi mjini. Mwaka ule alitoka msituni uso umekunjamana. Mzinga wake mmoja, wa juu ya mninga karibu na mto, alikuwa ameukuta mtupu kwa mwaka wa tatu mfululizo.

Macho yote yakamgeukia Hilari. Nani mwingine? Hilari alikuwa mrina asali hodari na mnywaji hodari zaidi, mwenye ulimi usio na breki, na tangu abatizwe hakuwa amekanyaga kanisani. Wiki hiyohiyo alikutwa na kibuyu cha asali. Alisema ameitoa kwa nyuki wa porini, ndani ya shimo la mti, akanyoosha mikono watu waione. Watu wakacheka.

Mwanangwa akamwuliza Anselm mbele ya wote, "Mwalimu, wewe ndiye unayeshinda msituni. Upande ule wa mto umemwona nani?"

"Zaidi yangu na Hilari," alijibu Anselm, "sijamwona mtu."

Basi, ikawa hukumu. Hilari alifungwa mgongoni mzinga mtupu, akatembezwa nyumba kwa nyumba kama ilivyokuwa desturi ya pale, wanawake wakipiga vigelegele vya kumsuta. Flavia naye alivipiga, tena kwa nguvu zote. Jioni ileile Hilari alichukua shuka yake akashika njia ya Kaliua kutafuta kazi ya reli. Jumapili Anselm alihubiri amri ya saba, usiibe, akakumbusha kwamba siku za mwizi ni arobaini, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja hakuna aliyesinzia. Flavia alitoka kanisani kifua mbele.

Mwaka ukapita. Msimu wa kurina uliporudi, Jumamosi moja mchana, Anselm alitoka msituni mapema kuliko kawaida, mzinga begani. Aliutua mbele ya Flavia aliyekuwa akipepeta mtama.

"Kamba imeoza," alisema. "Nimeushusha niufunge upya. Tazama pale kamba ilipopita."

Flavia akainama. Aliiona mikato mitatu, alama ya nyumba yake. Juu yake, mahali palipofichwa na kamba miaka yote hiyo, palikuwa na mkato mrefu uliokingama.

"Mitatu na wa kukingama, hii alama ya Mzee Twalibu," alisema.

"Ndiyo. Baba aliugua kabla ya kunionyesha yote. Huu nilijionyesha mwenyewe. Niliona mitatu, nikasema wetu. Mzee alipotaja mninga wa mtoni, nilidhani anasema mninga mwingine."

Ungo ulimtoka Flavia mkononi. Hakumfikiria Hilari kwanza, na jambo hilo alilikiri mwenyewe uzeeni bila kuulizwa. Alijifikiria yeye, mke wa Mwalimu, na kisima ambako wanawake walimpisha achote mbele.

"Choma huu mzinga," alisema. "Nani ajuaye?"

Anselm aliuegemeza mzinga ukutani.

"Basi mwambie Padri akija. Ungama kwake, akupe malipizi, yaishe. Kitubio ni cha nini, Baba Sylvester?"

"Nikimnong'oneza Padri, Hilari atasikia?"

"Watu hawatakusikiliza tena! Miaka kumi na miwili ya Neno la Mungu unaitupa kwa sababu ya kamba?"

"Mama Sylvester," alisema taratibu, "wewe mwenyewe husinzia nikihubiri."

Flavia alikuwa hajui kwamba mumewe anajua.

Kesho yake baada ya sala Anselm hakuwaruhusu watu kutawanyika. Alimwomba mwanangwa amlete Mzee Twalibu, ambaye alikuwa amefika siku mbili kabla, naye akaja akasimama mlangoni kwa adabu, viatu mkononi. Anselm akautoa ule mzinga na kuwaonyesha mikato. Alisema kwa maneno machache kuliko alivyowahi kusema mahali pale kwamba aliyekula asali ya Mzee Twalibu miaka mitatu ni yeye, na kwamba Hilari alisema kweli. Mwanamke fulani nyuma akasema, wala hakupunguza sauti, "Kumbe nyani haoni kundule." Flavia alitamani ardhi ipasuke.

"Mzee, nisamehe," alisema Anselm.

Twalibu alivuta ndevu. "Asali imeshaliwa, Mwalimu, nami nimesamehe. Lakini mimi sikufungwa kitu mgongoni. Aliyefungwa yuko Kaliua."

Anselm akaitikia kwa kichwa. Kisha, mbele yao wote, akachukua kamba, akajifunga mzinga mtupu mgongoni, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyepiga kigelegele. Alipomaliza nyumba ya mwisho hakurudi kwake, akashika njia ya Kaliua.

Flavia akamfuata, na tusimpambe: alimfuata kwa hasira. Alibeba chungu cha ugali wa mtama na karanga, akatembea hatua kumi nyuma yake akimsema kwa Kinyamwezi na Kiswahili, maana lugha moja haikumtosha. Kila walipokutana na watu, watu waliuliza, "Mwalimu, huo mzinga wa nini?" Anselm alisimama akawaeleza: nilikula cha mwenzangu, akaadhibiwa mwingine, na mimi nilisaidia. Wengine walicheka. Mzee mmoja mchunga ng'ombe hakucheka. Aliuliza mara mbili, kana kwamba hakuamini, kisha akawasindikiza kimya mpaka mtoni. Kufika siku ya pili Flavia alikuwa ameacha kumsema. Kamba ilikuwa imemkata Anselm mabega, na Flavia alipotaka kuilegeza alikataa, hivyo mkewe akawa anaweka majani chini yake.

Kaliua walimkuta Hilari kwenye genge la wafanyakazi, akibeba mataruma, yale magogo ya kulalia reli. Amekonda, lakini ulimi ni uleule.

"Nani kakufunga?" aliuliza.

"Nimejifunga mwenyewe. Mzinga wa mninga ni wa Mzee Twalibu, na mwizi ni mimi. Nimewaambia wote."

Wenzake wakaacha kazi. Hilari alimzunguka mara moja, akitazama mafundo.

"Siku ile nilikuonyesha mikono yangu," alisema, "ilivyovimba. Nyuki wa mzingani na wa shimoni huwezi kuwatoa kwa namna moja, shimoni mkono unaingia wote, unajua wewe. Ungetazama ungeamini. Hukutazama."

"Sikutazama," alisema Anselm. "Nilitazama pombe yako."

Hilari aliinua taruma lake. "Kazi haijaisha. Ningoje hapo. Na mzinga wako usiutue."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Flavia alitaka kumrukia, lakini mumewe akamkamata mkono. Alisimama juani pale pembeni ya reli mpaka filimbi ya jioni, watu wakipita na kumtazama, na Flavia akasimama naye kwa sababu hakujua pengine pa kusimama. Filimbi ilipolia Hilari alikuja, akachomoa kisu, akaikata kamba. Aliushika mzinga usianguke.

"Umesimama siku moja," alisema. "Mimi nimesimama mwaka." Kisha akalia kama mtoto, naye Anselm akalia, na Flavia akagawa ule ugali uliobaki maana hakuna mwingine aliyekuwa na akili ya kufanya hivyo.

Hilari alirudi nao. Padri alipokuja alimsimamisha Anselm ualimu mpaka Pasaka. Kisimani Flavia alipanga foleni kama wengine. Lakini jambo moja lilimshangaza. Wakati huo wa kusimamishwa, watu walianza kuja nyumbani kwao wakati wa kupika, mmoja mmoja, wakikaa kwenye kinu wakizungumza na Anselm mambo yao ya aibu. Mmoja wao alikuwa yule mzee mchunga ng'ombe, ambaye baadaye alibatizwa pamoja na nyumba yake yote. Hilari mwenyewe aliingia kanisani mwezi wa tatu tangu arudi, akakaa nyuma, akasinzia kama Mkristo mwingine yeyote.

Tangu mwaka ule Anselm aliongeza mkato wa nne kwenye kila mzinga wake, mfupi, pembeni ya ile mitatu. Vijana walipomwuliza maana yake hakuona haya. "Huu ni wa Hilari," alisema, na akawasimulia yote, hata ile habari ya mikono iliyovimba. Alisimulia hivyo miaka kumi. Flavia alichoka kuisikia na akathubutu kumwambia, "Watu walishasahau, Baba Sylvester." Akajibu kwamba ndiyo maana anasimulia.

Alifariki masika ya mwaka 1958, wakati Sylvester, mwanawe, alipokuwa ameshamrithi kugonga kile kipande cha reli. Mzee Twalibu, ambaye sasa alitembelea mkongojo, alitoka Gongoni akasimama makaburini viatu mkononi. Msalaba aliuchonga Hilari kwa mti wa mninga, na chini ya jina akaweka alama ya marehemu.

Flavia aliipapasa kwa kidole. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo alihesabu mara mbili. Ilikuwa mikato mitatu.

"Hilari, mwanangu," alisema, "ule wa nne umeusahau."

"Sikuusahau, mama," alisema Hilari.