Koleo na Kifaa Chake cha Kukazia Waya

Kiwandani walimwita mume wangu Koleo. Miaka kumi na tisa alikuwa akifunga mipira ya maji ya moto kwa waya, na aliyoifunga yeye haivuji. Klipu za dukani zinashika kutu zinaachia, waya wake hauachii. Basi kiharusi kikampiga, mkono wa kulia ukalegea, na msimamizi akamwambia: "Kaa nyumbani mwezi mmoja. Ukirudi, nifungie mpira mmoja mbele yangu. Ukishindwa, tuachane kwa heri."

Kwa heri! Heri gani hiyo?

Hakukaa. Alihamia kwenye kibanda chake cha kazi nyuma ya jiko, akasema atatengeneza kifaa cha kumkazia waya. Akatafuta bolti ndefu, nati yenye masikio na kipande cha bomba. Mimi ndiye niliyekata kwa msumeno, yeye akielekeza na kufoka.

"Taratibu, mama watoto! Hicho si kiazi!"

"Kiazi angalau hakinifokei," nikamjibu. Siku hiyo tulicheka.

Unazungusha waya mara mbili kwenye mpira, ncha zake unazinasa kwenye nati, unakaza masikio mpaka waya ubane, kisha unakipindua kifaa chote na waya unajifunga. Cha kwanza kilitaka ujanja, lazima ujue kukishika kwa mshazari. Yeye kilimtosha. Mimi na kimbelembele changu nikasema, "Baba watoto, na mkono ukizidi kuchoka? Kifanye hata mimi nikiweze." Akashinda na tupa wiki nzima, jasho linamtiririka, akichonga mfereji wa kuongoza waya. Nikafunga mpira wa bustani mara moja tu, haukutoa hata tone. Nikarukaruka, mjinga mimi.

Siku ikafika. Akafunga kwa mkono wa kushoto, maji yakafunguliwa kwa nguvu zote. Kavu. Wenzake wakapiga makofi. Msimamizi akakichukua kifaa, akakigeuzageuza, akamwita mama anayefagia. "Hebu jaribu." Mama akafunga. Kavu vilevile.

"Koleo, umetusaidia sana," akasema, meno yote nje. "Sasa yeyote anaweza. Wewe kapumzike." Kifaa kikabaki mezani kwake.

Niliposikia nilitukana mpaka jirani akafunga dirisha. Mwenyewe akaenda kibandani kupanga vifaa vyake. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jana yule mama mfagiaji akabisha hodi, kile kifaa mkononi, macho chini. Waya ulikuwa unamkatikia, ametumwa aulize anakosea wapi. Nilitaka kumfungia mlango usoni. Mume wangu akasema, "Karibu dada, keti." Akamwonyesha pole pole, kwa mkono wa kushoto. Akarudia mpaka mama akashika, akashukuru, akaenda zake kazini.

Kisha akaniuliza leo ni siku gani. Tangu anioe sijawahi kumsikia akiuliza hivyo; siku zake alizihesabu kwa zamu za kiwandani.