Siku Nilipougua kwa Kuigiza Mbele ya Mama Mkwe

Jamani, chekeni tu, maana hata mimi sasa nacheka, ila siku ile ningeona shimo pale sokoni Ngara ningeingia mzima mzima na kiatu changu kimoja, na nisingetoka mpaka kila anayenifahamu awe amehama wilaya.

Mnajua mimi ni mwalimu, nafundisha darasa la tatu huku Nyamiaga, mtu wa heshima zangu (kanisani nakaa benchi la pili). Sasa tuna kikundi chetu cha maigizo, watu watano, kiongozi ni Deo fundi seremala, na mwaka jana tulitunga mchezo wa mama anayeitwa Koleta, ambaye akishajifungua hapati usingizi, hali chakula, anamwangalia mtoto kama mzigo wa mtu mwingine, na ukoo wa mume badala ya kumpeleka hospitali wanamficha chumba cha nyuma na kuwaambia majirani amesafiri. Koleta ni mimi. Tulipanga kuucheza siku ya soko, kwenye uwanja mdogo karibu na stendi ya boda, Deo atangaze kwanza kwa kipaza sauti, watu wakae, ndipo tuanze.

Hapo nikajifanya mjuaji. Nikamwambia, "Deo, tukitangaza watu watakaa kama wako kwenye mkutano wa kijiji. Mimi nianzie sokoni, katikati ya watu, wanifuate wenyewe mpaka uwanjani, wewe utanikuta pale ueleze." Deo akasita, akauliza kama nyumbani wanajua. Nikasema wanajua. (Hawakujua. Baba Neema, mume wangu, alijua tu kwamba naenda "kwenye mambo ya kikundi".)

Basi saa nne asubuhi nikaingia kwa wauza ndizi na kitenge kilichochanika, nywele nimezitimua, kiatu mguu mmoja, mgongoni boga nimelibeba kwa kanga kama mtoto. Nikaanza kulibembeleza, mara nalifokea, mara nacheka, mara napiga kelele, "Mchukueni, si wangu!" Na niliigiza, jamani! Watu wakaacha mizani, wakaacha chenji, wakanifuata, na mimi moyoni najisemea, mwalimu, leo umefika. Nikafika uwanjani na umati nyuma yangu.

Deo hayupo. Kipaza sauti hakipo. Wenzangu hata mmoja. (Kumbe pikipiki iliyobeba vyombo iliishiwa mafuta wakiwa bado wanapanda mlima, wakawa wanaisukuma wote wanne.)

Nikaendelea, maneno yakaisha, nikarudia ya mwanzo. Ndipo nikamsikia mama muuza dagaa akisema, "Huyu si mwalimu wa mtoto wangu?" Na mwenzake, "Ndiye. Maskini, juzi tu alikuwa mzima, alimpa wangu adhabu." Nikashtuka, nikasimama wima, nikatoa sauti ya darasani:

"Ndugu zangu, mimi ni mzima. Haya ni maigizo."

"Wanasemaga hivyo hivyo wote," akajibu dereva mmoja wa boda, mtu mzima, kwa huruma kabisa.

"Kweli! Oneni, hili ni boga!" Nikafungua kanga, nikalinyanyua juu.

Watu wakarudi nyuma hatua mbili. Muuza dagaa akajishika kifua. "Yesu na Maria! Alikuwa analinyonyesha!"

Sikuwa nimelinyonyesha, ila nani alinisikiliza? Kila nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuugua. Nikimtaja Deo, wanageuka kumtafuta, hawamwoni, wanatikisa vichwa. Wakaanza kushauriana, huyu anasema hospitali, yule anasema maombi, na dereva wa boda akafungua ule mpira wa kufungia mizigo. "Mwalimu, tutakufunga kidogo tu, usije ukaanguka njiani."

Hapo umati ukapisha njia, akatokea mama mkwe.

Niwaeleze kidogo. Mama mkwe anakaa Kirushya, siku ile alikuwa ameleta maharage sokoni. Ni mama wa maneno machache, na miaka minane ya ndoa yangu sikuwahi kumwona amekaa na mwanawe wakapiga hata soga. Baba Neema alilelewa na bibi yake tangu mchanga, na alikua akiambiwa kwamba mama yake alimtupa akakimbilia Biharamulo kufanya biashara, akarudi baadaye alipochoka. Hawakugombana. Walikuwa wanasalimiana tu.

Mimi kwa mazoea nikapiga goti. "Shikamoo mama."

"Salamu bado anazikumbuka!" mtu akasema nyuma.

Mama hakuitikia. Alimtazama dereva wa boda na ule mpira. "Ukimfunga huyu, nifunge na mimi." Kisha akakaa chini vumbini na kitenge chake cha Jumapili, akanivuta, akaniegemeza kifuani. Hakusema kwa sauti kubwa, ila watu walisogea kusikia.

"Usiogope, mwanangu. Na mimi ilinipata nilipomzaa mume wako. Wakwe zangu wakanipeleka Biharamulo kwa wifi yangu, wakanifungia ndani karibu mwaka. Wakamwambia nilimtupa. Sikumtupa, nilikuwa naumwa. Wewe hawatakufungia. Nipo."

Ningesema, "Mama, naigiza," lakini badala yake nikaanza kulia kweli. Na wakati huo huo Deo akafika mbio, jasho linamtiririka, kipaza sauti mdomoni: "Mabibi na mabwana, mnachokiona ni mchezo wa kuigiza! Makofi kwa Koleta!"

Mtu mmoja alipiga makofi mawili, akaacha. Mama mkwe akaniangalia, akaliangalia boga, akamwangalia Deo. Akainuka, akajikung'uta vumbi, akaondoka. Hata maharage aliyaacha.

Nilipofika nyumbani Baba Neema alikuwa ameshasikia. Nilisubiri kufokewa. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Alisema hakunitupa?"

"Alisema."

Akawasha pikipiki, tukaenda Kirushya mchana ule ule. Nikapiga magoti mlangoni na hotuba yangu ya kuomba radhi, lakini hakuna aliyeisikiliza, maana mama na mwana walikuwa wameshaenda migombani, wamekaa kwenye majani makavu, mwanaume wa miaka thelathini na sita analia na mama yake anamfuta uso kwa kiganja. Nikanyanyuka, nikaenda kuchota maji.

Jioni mama akanigeukia. "Na wewe, kwanza uliigiza vibaya."

"Vibaya, mama?"

"Mimi sikupiga kelele hata siku moja. Nilinyamaza. Ndiyo maana walisema ni mvivu." Halafu akacheka, kwa mara ya kwanza naona meno yake yote. "Lakini boga ulilibeba vizuri."

Tukauandika mchezo upya, Koleta hapigi kelele, na mama mwenyewe ndiye anayetukosoa kwenye mazoezi (Deo anamwogopa kuliko diwani). Tukimaliza kucheza, akina mama hawanifuati mimi, wanamfuata yeye, wanaongea pembeni, wengine tumewasindikiza mpaka hospitali.

Mimi nimeapa, sitaanza tena mchezo kabla ya kutangaza, na kabla ya kutangaza nitapiga simu nyumbani na Kirushya. Maana aibu iliyonibakia si ya boga wala kiatu kimoja. Ni kwamba nilikuwa naenda kuwafundisha watu wasifichane mambo ndani ya familia, na mimi mwenyewe nilitoka nyumbani asubuhi ile nikiwa nimewaficha.