Kampuni Inayojua Kuzika

Nakumbuka siku moja ya msiba kule Kibamba. Usinishangae, mwanangu. Umekuja na leseni yako mpya ya malori, unaniuliza uanzie kampuni gani, na mimi nakufungulia habari za msiba. Najua ulitaka nikutajie jina moja, unywe chai yangu, uondoke. Keti kwanza. Leseni haiozi.

Wakati huo nilikuwa rika lako. Nilikaa Keko kwa baba yangu mdogo, Baba Neema, fundi seremala mwenye banda lake kando ya barabara kama mafundi wengine wa pale. Alitengeneza vitanda, makabati na majeneza pia, maana watu wanalala na watu wanakufa, na fundi mwenye watoto hachagui kazi. Mimi nilimpigia msasa huku nikitafuta ajira ya udereva. Rafiki yangu alikuwa Gwamaka, kijana wa Temeke niliyesoma naye udereva. Wazazi wetu walitoka Tukuyu, kwa hiyo watu walituita ndugu, nasi hatukubisha.

Aliyefariki Kibamba alikuwa dereva wa malori, mpangaji wa shangazi yake Gwamaka. Alipata ajali akiwa safarini. Tulikwenda tukitegemea msiba wa mtu wa kawaida: turubai la kuazima, ubwabwa na maharage, na kikapu cha rambirambi kinachozunguka mpaka watu waone haya. Tukakuta mambo mengine kabisa. Maturubai meupe, viti vya kukodi, pilau ya nyama, fulana zenye picha ya marehemu. Jeneza lilikuwa la mninga, limejaa maua mpaka mbao hazionekani. Nje lilisimama basi zima la kuwapeleka waombolezaji hadi kwao Njombe. Vyote vilitolewa na kampuni. Bosi mwenyewe alifika, akavua miwani, akasema mbele ya watu, "Huyu alikuwa mwanangu." Wanawake wakaangua kilio upya.

Sasa nikuambie kilichokuwa moyoni mwangu. Baba yangu mzazi alifia hapa hapa mjini, na hatukuweza kumrudisha Tukuyu. Mama hakulisahau hilo. Kila akigombana na mtu, alimalizia kwa kusema hata mume wake alitupwa ugenini. Sisi watu wa bara wengi wetu tunaogopa kuzikwa ugenini kuliko tunavyoogopa kufa. Kwa hiyo nilipoliona lile basi, nilimwonea wivu marehemu. Ndiyo, mwanangu, nilimwonea wivu maiti.

Gwamaka akaninong'oneza, "Oya, hii ndiyo kampuni bwana. Ukifa, unafika kwenu."

"Kesho tunaenda," nikamjibu.

Wala hatukuwa wajinga peke yetu. Vijiweni madereva walizipima kampuni kwa mizani hiyo hiyo. Wachache waliuliza habari za breki au saa za kulala. Waliuliza, "Wale wanazikaje?" Na jina la kampuni ile lilikuwa la kwanza midomoni mwao.

Kesho yake tukaenda kwenye yadi yao, Temeke. Msimamizi hakututahini hata kwa kurudisha gari nyuma. Alitazama leseni zetu, akauliza tunaweza kuanza lini. Malori yalikuwa mapya, yameoshwa yanameta. Ukutani ilibandikwa picha ya dereva bora, yule aliyefika mapema kuliko wenzake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kazi inayomkimbilia kijana asiyejua lolote ingetutia shaka. Lakini kijana mwenye njaa ya kazi hazikumbuki methali. Tulirudi tukiimba.

Nilimkuta Baba Neema anapiga randa. Nikamwamkia, nikamweleza kwa furaha, nikataja jina la kampuni. Akaiweka randa chini.

"Hao nawajua. Wateja wangu."

"Wananunua makabati?"

Hakucheka. "Lile jeneza la Kibamba hukulitambua? Ulilipiga msasa wewe mwenyewe."

Akaketi juu ya gogo, akanieleza polepole. Mtu anayekuja kununua jeneza, alisema, hajui anachotaka. Anafika macho yamemvimba, anaomba apunguziwe huku analia, ukimuuliza urefu wa marehemu inabidi awapigie simu ndugu zake. "Hawa hawafiki hata hapa. Wananipigia tu. Wanasema, 'Fundi, kama la juzi.'"

Kisha akaniuliza, "Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mtu akijua kuzika namna ile, amejifunzia kwa nani? Umemwona pale dereva mzee hata mmoja?"

Nilijaribu kukumbuka. Wote niliowaona walikuwa vijana. Nikaona haya, na haya ikageuka hasira, nikamjibu vibaya: "Baba, ajali ni mipango ya Mungu."

Akapiga meza kwa kiganja, vumbi la mbao likaruka. "Usimsingizie Mungu breki mbovu! Kaka yangu nilimpimia mbao kwa mikono hii. Wewe sitakupimia. Ukienda kule, usirudi kulala hapa."

Niliona ananionea. Lakini asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nililelewa kuogopa kauli ya mzazi, kwa hiyo sikwenda. Nilimweleza Gwamaka yote, neno kwa neno. Akasema, "Kaka, Tumaini karibu anajifungua. Wewe una baba mdogo, unakula. Mie nitamlisha mke wangu ushauri?" Baadaye watu walisema sikio la kufa halisikii dawa. Siipendi kabisa methali hiyo. Gwamaka alisikia vizuri sana, ila alikuwa na tumbo la mkewe mbele ya macho yake, na mimi nilikuwa na sahani ya bure.

Mimi nikapata kazi kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyekuwa na malori machakavu kule Kipawa. Alikuwa Mshia, mtu wa dini, kila Ashura anafunga yadi. Madereva walimwita Bwana Kelele. Kwake nilikaa muda mrefu sipewi safari ndefu, nazunguka bandarini na maghala ya hapa mjini, nalala chini ya magari na mafundi nikijifunza kukaza breki. Madereva wake wengine walikuwa na mvi. Ukirudi mapema kutoka Tunduma, alikusubiri getini kukugombeza: "Mbona mapema? Nani amekukimbiza? Umelala wapi wewe?" Sisi vijana tulimcheka. Gwamaka alikuwa ameshavuka mipaka na picha yake imebandikwa ukutani, mimi bado naitwa dereva wa Kipawa. Nilimwonea wivu yeye pia. Ujana ni kipofu mwenye mbio.

Halafu siku moja, mchana, Gwamaka akanipigia simu. Alikuwa Ilula anarudi Dar na shaba, mbele yake mteremko wa Kitonga. Sauti yake haikuwa na masihara.

"Breki zinashika upande mmoja. Nimewaambia ofisini, wanasema nishuke hivyo hivyo pole pole, meli inasubiri mzigo."

"Usishuke," nikamwambia. "Zima gari, toa funguo, kaa kando."

"Nikigoma funguo anapewa mwingine, kaka. Na mtoto anaumwa."

Nilimsihi. Nilimtukana hata. Alicheka kidogo, akasema atanipigia akifika chini.

Walioshuhudia walisema lori lilipomshinda, mbele yake kulikuwa na basi limejaa abiria, na yeye akakata usukani, akalipeleka lori kwenye ukuta wa mlima upande wake mwenyewe. Abiria walifika salama walikokuwa wanakwenda. Sidhani kama walilijua jina lake.

Asubuhi iliyofuata simu ya Baba Neema ililia bandani. Alisikiliza, akajibu, "Ndiyo bosi," akaikata. Hakuwa na haja ya kuniambia walichosema. Tukaanza kuchagua mbao. Nilipiga msasa mpaka vidole vikachubuka, na nilipomaliza nikaanza tena, maana nilijua nikiacha itabidi nilie.

Mazishi yalikuwa kama yale ya Kibamba. Pilau, fulana, basi la kwenda Tukuyu. Bosi alivua miwani, akasema, "Huyu alikuwa mwanangu." Mama yake Gwamaka akapiga magoti mbele yake, kama wanavyofanya akina mama wa kwetu, akamshika mikono yote miwili. "Asante baba. Umemheshimisha mwanangu. Mungu akuzidishie." Tumaini alikuwa amekaa chini, mtoto mgongoni, anatazama tu. Nyuma yangu kijana mmoja akamwambia mwenzake, "Hii ndiyo kampuni, mwanangu."

Nilitaka kupiga kelele. Nilifungua kinywa kabisa. Baba Neema akanishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, "Muache mama. Kabakiwa na hilo tu." Nikafunga kinywa. Mpaka leo sijui kama tulifanya vema. Na usidhani alikataa kuwauzia tena. Aliendelea. Nilipomuuliza, alisema wafu hawana kosa, na kama si yeye angeuza jirani. Dunia ndivyo ilivyo, sitaipamba kwa uongo.

Basi nisikilize sasa. Ukifika kwenye yadi usitazame rangi ya malori, rangi hupakwa. Tafuta wenye mvi. Usipowaona, uliza walikwenda wapi, na usikubali ukijibiwa kwa kicheko. Mnunulie chai dereva wa pale, umuulize juzi aliyekataa kutoka na gari bovu alifanywa nini. Akikuambia alifukuzwa, maliza chai yako, aga kwa adabu, nenda zako. Akikuambia aligombezwa kisha gari likatengenezwa, rudi kesho asubuhi na uwe mvumilivu, hata kama wanakuzungusha mjini na wenzako wanakucheka. Mwenda pole hajikwai. Angalia pia bosi anamgombeza nani: anayechelewa au anayewahi. Hapo utakuwa umemjua.

Ukishapewa funguo, kumbuka funguo hurudishwa. Ziweke mezani hata kama mtoto anaumwa nyumbani. Ukikwama njoo hapa kwangu, wewe na mkeo na mtoto, mtakula tunachokula sisi. Nalisema hili kwa kuwa Gwamaka hakuambiwa na mtu, hata na mimi. Ushauri mtupu ni nusu ya msaada.

Haya, nenda mwanangu. Mungu akupe mwajiri mgomvi na gari linalosimama ukiliambia simama. Akupe uzee mrefu wa kuchosha, mpaka wajukuu wabishane nani akushike mkono. Na siku yako ikifika, wakuzike wanao, asiwepo bosi wa kushukuriwa.