Siku Nilipoepua Sufuria kwa Shuka ya Maombi

Hii habari mimi sipendi kuisimulia, na nikilazimishwa huwa naanza na ile sehemu inayonifanya nionekane mtu mwenye akili, lakini leo wacha niiseme yote, maana nimechoka kuisikia kutoka kwa watu wengine ikiwa imetiwa chumvi. Ndiyo, ni mimi, Mama Neema wa mtaa wa Erdington, niliyeepua sufuria ya pilau kwa shuka ya maombi ya Kiyahudi mbele ya Myahudi mwenyewe, ambaye nilikuwa nimemwalika mimi kwa mdomo wangu. (Na si kwamba vitambaa vya jikoni havikuwepo. Vilikuwepo, vimefuliwa, nimevipiga hata pasi kwa ajili ya mgeni.)

Ili mnielewe lazima nianze na binti yangu. Neema ana miaka kumi na saba, amezaliwa hapahapa Birmingham, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza, kwa hivyo maneno yake ninawatafsiria. Tangu utotoni ni mtu wa kuuliza. Sasa sisi Wakenya wa huku kwetu, wengi manesi na watu wa kutunza wazee, tuna ushirika wetu Jumapili alasiri, tunakutana nyumba kwa nyumba, tunasoma Neno, tunaomba, tunakula. Mwaka jana tulikuwa kwenye vitabu vya manabii, tukafika mahali tunaposema kwamba Masihi alitabiriwa wazi kabisa, Neema akainua mkono akauliza, kama ilikuwa wazi hivyo, mbona watu waliokuwa wameyatunza hayo maandiko vizazi na vizazi hawakumwona?

Anayetuongoza ni Mzee Kilonzo, dereva wa basi aliyestaafu, mtu mzuri, ndiye aliyekuja kunipokea uwanja wa ndege nilipofika nchi hii simjui mtu, lakini swali asilolitarajia humkosesha raha. Akamwambia, "Mioyo yao ilikuwa migumu. Na wewe uuchunge wako."

Watu wakasema amina. Neema akafunga Biblia yake taratibu, na Jumapili iliyofuata akasema ana mitihani, na iliyofuata kichwa kinamuuma, halafu akaacha hata kutafuta sababu. Nikawa naenda peke yangu. Watu wakiniuliza mtoto yuko wapi nasema anasoma, na moyoni najua kwamba ninampoteza, na ninampoteza kwa swali ambalo, nikisema ukweli, lilikuwa limeanza kunikosesha usingizi mimi pia.

Ndipo nikasikia kazini kwamba kuna masomo ya bure katika ukumbi mmoja mjini, kila Jumanne, juu ya Wayahudi wa siku za Hekalu na ile habari ya kumngojea Masihi. Nikaenda, nikiwa na sare ya kazi ndani ya koti. Mwalimu alikuwa Daktari Miriam, Myahudi, mama wa makamo kama mimi, miwani ameipachika juu ya nywele halafu anaitafuta. Jamani, yule mama alinifungua macho. Nilikuwa nadhani zamani zile Wayahudi wote walikuwa wamekaa pamoja wakingoja mtu mmoja, wanajua na atakavyokuja. Kumbe hapana. Kuna waliongoja mfalme wa ukoo wa Daudi awafukuze Warumi, kuna waliongoja kuhani, kuna kundi lililoishi kule karibu na Bahari ya Chumvi ambao waliwangoja wawili, kuhani na mfalme, kila mtu na kazi yake, kuna waliotazamia mtu wa kutoka mbinguni, na kuna ambao hawakumngoja yeyote, walisema Mungu atakuja kufanya kazi yake mwenyewe. Akatuonyesha kwamba neno lenyewe maana yake ni mtu aliyepakwa mafuta, na kwamba Isaya anamwita hivyo Koreshi, mfalme wa Uajemi, mtu ambaye hakumjua hata Mungu wa Israeli. Mimi hiyo Isaya nimeisoma tangu nikiwa msichana, na huyo Koreshi nimempita kila mara bila hata kumsalimia. Nilirudi nyumbani kwenye treni nikiwa na furaha ambayo sikuijua jina, ile ya mtu aliyegundua kwamba nyumba aliyoishi miaka yote ina chumba hajawahi kukifungua.

Nikajiambia, Neema lazima amsikie huyu mama. Nikamwalika nyumbani siku ya zamu yangu ya ushirika. Akakubali, akaniambia tu nisijisumbue na nyama, kwa miiko ya dini yake atakula matunda. Nikamwendea Neema chumbani. Akanisikiliza, akatoa vile vidude vyake masikioni, akasema, "Nitakuja hii mara moja. Lakini wakininyamazisha tena, mum, usiniombe tena. Usiniombe kabisa."

Nikasema sawa. Mnaona basi nilichokuwa ninahatarisha siku ile.

Hapo ndipo likaja lile wazo. Dada yangu alikuwa ameenda ziara ya Yerusalemu na kanisa lake la Machakos, akaniletea shuka ya maombi, nyeupe yenye mistari myeusi, na vishada vilivyofungwa mafundo kwenye pembe zake nne. Nyinyi mnajua makanisa yetu, tunavipenda vitu hivi, mtu akiomba maombi mazito anajifunika shuka, pembe ya kondoo inapulizwa, hakuna anayeuliza ni vya nani. Nikasema, wacha niivae, mgeni akiingia aone kwetu ni kwao. Neema akaniona nashuka ngazi nimejitanda. Akasema, "Mum, sidhani." Nikamwambia mambo ya kukaribisha wageni aniachie mimi.

Mzee Kilonzo akafika, akaniona, uso ukamng'aa. "Kumbe leo ni hivyo? Ungeniambia," akasema, na kabla sijamjibu alikuwa amerudi kwenye gari, na aliporudi alikuwa na ile pembe yake ndefu iliyojipinda, ambayo kwa kawaida huipulizia kwenye mikutano mikubwa, siyo kwenye sebule ambayo watu wakikaa kumi magoti yanagusana. Nilipaswa kumkataza. Lakini ningemkatazaje na mimi mwenyewe nimevaa shuka?

Daktari Miriam alipobisha hodi nikamfungulia kwa tabasamu, akaniangalia, akaangalia shuka, tabasamu lake likasimama hapo lilipofika. Na kabla hajavuka kizingiti Mzee akapuliza. Wacha niwaambie, pembe ile ndani ya nyumba ya matofali iliyoshikana na ya jirani si mchezo, vikombe vililia kabatini, na king'ora cha moshi (ambacho hakijawahi kulia hata siku niliyounguza maharagwe) kikaitikia. Ukuta ukagongwa. Halafu mlango ukagongwa, na alikuwa ni jirani yangu Bibi Harjit, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, anakijua Kiswahili kuliko watoto wetu. "Mama Neema," akasema, ametulia kabisa, "mmeingiza ng'ombe?"

Mzee yeye alikuwa anahema kwa raha. Akamuuliza mgeni, "Umejisikia nyumbani?" Daktari Miriam akajibu kwa adabu kwamba kwao pembe hupulizwa Mwaka Mpya, na kwamba Mwaka Mpya bado.

Mimi nikachanganyikiwa. Na mimi nikichanganyikiwa nalisha watu, ndiyo tabia yangu, hata kazini nikiona jamaa za mgonjwa wanalia nawatafutia biskuti. Nikasema chakula kwanza, masomo baadaye, nikakimbia jikoni (jikoni yangu na sebule ni kitu kimoja, aliyekaa kwenye kochi anaona kila kitu), na pale jikoni palikuwa na pilau ya njegere, sufuria kubwa, vishikio vya chuma, moto. Sasa nyinyi mlioolewa na leso begani, mlioepua sufuria tangu mna miaka saba, niambieni, mwanamke akiwa na kitambaa mabegani na sufuria inawaka mbele yake, mikono yake inafanya nini? Haifikiri. Nikaishika shuka ncha moja kulia, ncha moja kushoto, nikaepua. Nikaileta mpaka mezani, vishada vinaning'inia ndani ya pilau. Nikaiweka chini. Wali kidogo wenye mafuta ukamwagika mezani, na mimi, Mungu anisamehe, nikaupangusa kwa shuka ileile.

"Mum," Neema akasema. "Mum, wacha. Wacha."

Nikainua macho. Mzee ameshika pembe yake kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe. Daktari Miriam alikuwa amesimama, anaangalia mikono yangu, na akasema kwa sauti ya chini sana, wala si ya hasira, "Baba yangu tulimzika akiwa amevaa moja kama hiyo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nimeosha maiti katika kazi hii, nimewavalisha, najua kitambaa cha mwisho cha mtu ni kitu gani. Nikaiangalia ile shuka, ina bizari, ina mafuta, na sikuwa najua hata namna ya kuivua. Daktari Miriam akauchukua mkoba wake. Na kwa pembe ya jicho nikamwona Neema anachukua koti lake msumarini, ameshaingiza mkono mmoja.

Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea, nayo yalikuwa yamejipanga: dada yangu, Yerusalemu, kanisa la Machakos, nia yangu njema. Nikayaacha yote. Kilichotoka ni hiki: "Nilidhani naijua. Siijui. Nionyeshe inavyokunjwa."

Akanitazama, naona anaamua. Halafu akauweka mkoba chini. Akanivua shuka mabegani mwenyewe, akaitandaza mikononi mwake, akakunja pembe kwa pembe, na vile vishada vyenye mafuta akavipangusa kimoja kimoja kwa kitambaa changu kilichopigwa pasi. Akasema hivi ndivyo vinavyobeba maana, kwamba Musa aliagiza viwekwe kwenye pembe za vazi ili mtu akivitazama azikumbuke amri. Kisha akasema, "Yule mwanamke wenu aliyetokwa na damu, aliyegusa pindo la vazi la Yesu akapona. Unafikiri aligusa nini?"

Nikakaa chini. Nikaviangalia vile vishada.

"Yesu alikuwa navyo?" Neema akauliza kutoka mlangoni, koti limening'inia bega moja.

"Kwa nini asiwe navyo? Alikuwa Myahudi."

"Basi kwa nini," Neema akasema, na mimi nikajua linakuja, "kwa nini Wayahudi wenzake hawakumwona?"

Nikamwangalia Mzee Kilonzo, sote tukamwangalia. Mdomo alikuwa ameshaufungua. Yale maneno ya mwaka jana niliyaona yamemfika kooni, na nikaona anavyomtazama yule mama aliyesimama na shuka ya pilau mikononi, na hayakutoka. Akaishusha pembe chini ya kiti. "Hilo swali," akasema polepole, "huyu mtoto aliniuliza mimi. Nilimjibu vibaya. Tusaidie."

Daktari Miriam akaketi. "Kwanza, wako waliomwona," akasema. "Petro alikuwa nani? Mama yake Yesu alikuwa nani? Wote Wayahudi, na hakuna kati yao aliyedhani anahamia dini nyingine. Walikuwa wanabishana na ndugu zao ndani ya nyumba moja, wakitumia vitabu vilevile."

"Na hao ndugu wengine?" Neema akauliza.

"Hao walichungulia nje. Askari wa Kirumi bado wapo, maskini bado analia. Na walikuwa wanaamini Masihi akija dunia itanyooka. Wakasema, mbona haijanyooka? Lilikuwa swali la haki."

"Sasa wafuasi wake wakajibu nini?"

"Walirudi kwenye maandiko wakasoma upya. Wakaona pale mtumishi anayeteswa, wakaona pale mfalme, pale mtu wa kutoka mbinguni, wakasema ni huyuhuyu mmoja, na atarudi kumaliza kazi. Kabla yao sijamwona aliyeyaunganisha namna hiyo. Mimi sikubaliani nao," akasema, "lakini kila nikiwasoma nashangaa ujasiri wao."

Neema hakuwa amevua koti, lakini alikuwa amekaa. Akauliza lingine, na lingine. Mzee naye akauliza juu ya wale wa Bahari ya Chumvi na Masihi wao wawili, akataka kujua nani angemwamuru mwenzake, akabishiwa, akacheka. Pilau tuliila ikiwa baridi. Mgeni alikula ndizi.

Madoa ya bizari hayakutoka, nimejaribu kila sabuni. Na nimeapa: sitavaa tena kitu cha imani ya mtu ili kumwonyesha nampenda, nitamuuliza kwanza kinaitwaje na kinauma wapi. Bibi Harjit ameniambia atanikumbusha kiapo hicho nikisahau.

Mnataka kujua kama Neema ameamini. Sijui, na yeye anasema hajui. Lakini Jumapili anakuja, anakaa karibu na mlango, na wiki iliyopita akanigeukia mimi mbele ya watu wote akaniuliza, "Mum, wewe ungekuwa Yerusalemu siku zile, ungemwona?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua mdomo niseme ndiyo.

"Sidhani," nikamwambia. "Ningekuwa jikoni nahangaika na wageni."

Alinitazama hivi, halafu akanyanyua kiti chake kutoka pale mlangoni akaja kukaa karibu nami.