Mji Chini ya Ulinzi

Kijakazi alifika Birmingham kutoka Unguja akimfuata mume. Mume akamwachia binti yao Saleha na nyumba ya kaunsili, ya kupanga kwa manispaa, kule Shard End, yeye akapotelea London. Mwanamke akasafisha maofisi mpaka Kiingereza kikamwingia. Siku moja polisi walimkamata kijana wa Tanga ambaye Kiingereza chake hakikutosha hata kuomba maji, wakamtafuta Kijakazi awafasirie. Tangu siku hiyo hakushika tena ufagio. Kituoni, mahakamani, hospitalini: Mswahili akipatwa na jambo, Kijakazi huitwa. Mimi nina duka la vyakula mtaa wa Lozells, nimepatana bei na watu wa kila taifa katika mji huu, na sijaona anayeijua thamani ya bidhaa yake kama yeye. Bidhaa yake ilikuwa maneno.

Alichokuwa hajakipata ni kazi za kufasiri kwenye mikutano mikubwa. Paramjit, mkuu wa ofisi iliyokuwa ikimgawia kazi, alikuwa na jibu moja tu: polisi na hospitali ni mambo ya kila siku, siasa za mataifa ni kitu kingine.

"Kaka Ishaka, nimechoka kuitwa selo," alikuwa akiniambia huku akichagua bamia. "Na mimi nataka kukaa kwenye kiti kizuri, maji ya chupa mbele yangu."

Nafasi ikaja Agosti mwaka 2000. Mazungumzo ya Waisraeli na Wapalestina kule Marekani yalikuwa yamevunjika Julai bila mapatano, na kilichowashinda zaidi ni Yerusalemu, au Baitul Mukadas kama Waislamu wetu wanavyouita: nani awe na mamlaka juu ya mji mkongwe, wenye msikiti wa Aksa, ukuta wa Mayahudi na kanisa la kaburi la Yesu. Dukani kwangu Wazanzibari na manesi wa Kikenya walikuwa wakibishana mbele ya mihogo mpaka wateja wengine wananikimbia. Chama chetu cha Waswahili, chenye watu wa dini zote mbili, kikamwalika Dakta Suhail, mzaliwa wa mji huohuo, aliyewahi kuwashauri wajumbe wa mazungumzo hayo, aje atueleze. Wazee wetu wengi Kiingereza chao ni cha kununulia mkate. Kijakazi akaombwa afasiri, na yeye akamleta Paramjit amsikilize. Kazi aliyoitaka ilitegemea jioni hiyo.

Ukumbi ulijaa. Suhail alikuwa mtu mwembamba, mpole, ana ramani zake alizozibandika ukutani kwa mkono wake. Alisimulia mitaa ya utotoni, Kijakazi naye akaenda naye vizuri, watu kimya. Kisha mgeni akafika kwenye maoni yake. Mji mkongwe, alisema, usiwe mali ya dola yoyote. Uwe katika "international custody", na kila dini ishike mahali pake pa ibada.

Hilo neno "custody" Kijakazi alikuwa amelisikia vituo vya polisi, mtu akitiwa rumande, kuliko alivyosikia jina lake mwenyewe. Hakusita.

"Anasema," akatangaza, "mji mtakatifu uwekwe chini ya ulinzi wa mataifa."

Sasa, Mtanzania ukimwambia "chini ya ulinzi" hafikirii bawabu anayekunywa chai mlangoni. Anafikiria askari, pingu na karandinga la polisi.

"Chini ya ulinzi?" Mzee Makungu akauliza kutoka mstari wa mbele. "Kwani mji umeiba nini?"

Watu wakaangua kicheko. Edah, nesi wa Kikenya, akadakia, "Na makanisa je? Yatalala selo moja na misikiti?"

Makungu hakucheka. Akasimama na bakora yake. "Lo! Aksa inatiwa pingu nyinyi mnacheka? Huyu katumwa huyu! Mwambieni arudi kwa waliomtuma!"

Hapo kicheko kikageuka kuwa zomeazomea. Watu waliokuwa hawaelewani dukani kwangu tangu Julai, jioni ile waliungana, Waislamu kwa Wakristo, dhidi ya mgeni wao.

"Wanasema nini?" Suhail akamuuliza Kijakazi kwa Kiingereza.

Nilikuwa nimekaa karibu na meza, nikauona uso wa Kijakazi. Alikuwa ameshalijua kosa. Akatupa jicho nyuma ya ukumbi, alikokaa Paramjit, kisha akajibu, "Wana uchungu sana na mji, bwana."

Suhail alijaribu kuendelea, hakusikika. Akabandua ramani zake moja moja, akaweka mkono kifuani kuwaaga, akatoka. Walimzomea mpaka mlangoni.

Paramjit, asiyejua Kiswahili hata salamu, alikuwa ameona mwanamke akisema na ukumbi mzima ukisimama. Akaja anatabasamu. "Wafasiri wengi wanasoma kama redio. Wewe umewasha moto! Jumatatu njoo ofisini tuzungumze habari za mikutano."

Kijakazi alitazama chini kama mtu aliyekutwa na mkono kwenye mfuko wa mwenzake. Akatoka mbio, na mimi nyuma yake, kwa kuwa gari la kumpeleka mgeni stesheni lilikuwa langu.

Akamkuta Suhail kando ya gari, akamweleza yote.

"Kwa hiyo wamenizomea kwa neno nisilolisema," Suhail alisema.

"Ndiyo, bwana. Nisamehe."

"Umewaambia?"

"Bado."

Suhail akanigeukia mimi, akaniomba tuondoke asije akakosa treni. Njiani aliuliza jambo moja tu, kama ni kawaida yetu kumwalika mtu ili tumzomee. Nikamjibu hapana. Nimezoea kupata jibu la kumridhisha kila mtu. Jioni ile nilikazana na usukani tu.

Huku nyuma Kijakazi alirudi ndani, akaanza na Paramjit. Alimwambia kwamba moto ule ulikuwa kosa la tafsiri, na kwamba alilijua akanyamaza. Paramjit akachukua mkoba wake. Habari za Jumatatu hazikutajwa tena. Kijakazi akapanda jukwaani kuwaambia watu, lakini wengi walishakwenda na walichosikia. Kesho yake mteja ananisimulia dukani eti amekuja msaliti kutaka Aksa ifungwe jela.

Basi Kijakazi akaamua kupita nyumba kwa nyumba. Nilimwendesha mimi. Tayari walishampa jina.

"Karibu, Mama Pingu," Mzee Makungu alimpokea.

"Mzee wangu, mgeni hakusema vile. Nilisema mimi, nikakosea, na nilipojua nikanyamaza."

Mzee akakaa. Mzaha ukamtoka usoni. "Mtu aliyezaliwa palepale, mimi nikamwambia katumwa."

"Ni kwa sababu yangu."

"Mdomo ulikuwa wangu, mwanangu." Hakutaka tunywe chai. Alitaka tuondoke.

Tukamalizia kwa Edah, mtaa wa Edgbaston, karibu na hospitali anakofanya kazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akajishika shavu.

"Na vile nilimchekelea! Sasa Mama Saleha, neno lenyewe lilifaa kuwa gani?"

"Uangalizi?" Kijakazi akajaribu.

"Hiyo ni ya mgonjwa mahututi. Si hiyo."

Kijakazi akafikiri, kitambaa anakisokota mkononi. "Amana," akasema. "Mji uwe amana."

Edah akalipima neno. "Yaani kama nikiweka kitu changu kwa jirani. Si chake, lakini anakitunza."

"Hasa. Ndivyo alivyokusudia."

"Hiyo ningeisikiliza. Lakini kwa jirani yupi? Nani huyo ambaye Myahudi, Mwislamu na Mkristo wote watamwamini?"

Kijakazi akaacha kukisokota kitambaa.

"Hilo mgeni alikuwa hajalifikia," Kijakazi akasema. "Tulimzomea kabla."